Mfalme wa Pavagadh: Kuanguka kwa Champaner, 1484

Kila mwaka ifikapo Navratri, uwanja wa hekalu letu hujaa watu, na miongoni mwa nyimbo za garba zisizokosa kuimbwa ni ule wa Mataji wa Pavagadh na mfalme Patai. Mama zetu walitufundisha tungali wadogo, nao walifundishwa na mama zao waliovuka bahari kwa majahazi kutoka Porbandar, Mandvi na Jamnagar. Twaujua kwa moyo. Twapiga makofi, twazunguka, wala hatuulizi mfalme huyo alikuwa nani, aliishi lini, na ni jambo gani hasa lililompata.

Maadamu toleo hili la kumbukumbu hutolewa ili vijana wetu wapate kusoma yale ambayo sisi wazee twayabeba vifuani tu, tumeona inafaa kuieleza habari hiyo kwa urefu kidogo: jinsi mfalme yule alivyozingirwa, alivyoshindwa, alivyotekwa akiwa majeruhi, na alivyokufa. Sisi si wanazuoni. Wengi wetu tuliishia shule ya sekondari, kisha tukaingia dukani. Lakini duka nalo hufundisha jambo moja: madaftari mawili yakitofautiana, mtu hachomi moja. Huketi akayalinganisha mstari kwa mstari mpaka ajue tofauti imeingilia wapi.

Habari za mfalme wa Pavagadh zimo katika madaftari mawili. Moja ni wimbo wetu. La pili ni vitabu vya tarehe vilivyoandikwa na waandishi wa upande ulioshinda.

MLIMA NA MJI

Pavagadh ni mlima uliosimama peke yake katika tambarare ya Gujarat, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka mji wa Vadodara. Kimo chake ni kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kileleni kuna hekalu la Kalika Mata, na hadi leo mahujaji hupanda kwa maelfu, hasa katika siku za Navratri. Chini ya mlima ulikuwapo mji wa Champaner, ambao mapokeo husema ulianzishwa na mfalme Vanraj Chavda katika karne ya 8.

Karibu na mwaka 1300 mlima na mji vilikuwa mikononi mwa Warajput wa ukoo wa Khichi Chauhan. Ufalme wao haukuwa mkubwa, lakini mahali palikuwa pa thamani. Njia ya biashara kati ya Gujarat na nchi ya Malwa ilipita karibu, na aliyeishika Pavagadh aliweza kuwatazama wote waliopita chini yake. Kwa sababu hiyo masultani wa Gujarat waliutamani mlima huo kwa muda mrefu, na masultani wa Malwa hawakupenda uingie mikononi mwa wenzao wa Gujarat.

Mfalme wa mwisho aliitwa Jaysinh. Sisi twamjua kwa jina la Patai Raval. Raval ni cheo, na jina Patai husemekana limetokana na maneno yenye maana ya bwana wa Pava, yaani bwana wa mlima.

WIMBO UNAVYOSIMULIA

Kisa cha wimbo kila mmoja wetu anakijua. Katika usiku wa Navratri wanawake wa Champaner walikuwa wakicheza garba, na Mataji mwenyewe, kwa kupendezwa na ibada yao, alishuka mlimani katika umbo la mwanamke kijana akaingia duarani kucheza nao. Mfalme Patai alimwona, asimtambue, akashikwa na tamaa. Akamfuata, akashika ncha ya sari yake. Mataji akamwonya, akamwambia aombe chochote kingine atapewa. Mfalme hakusikia. Ndipo Mataji alipomlaani kwamba ufalme wake utaangamia, na laana ikatimia: jeshi likaja, ngome ikaanguka, mfalme akauawa.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Kwa miaka zaidi ya 500 jina la mtu huyu limeimbwa kama jina la mfalme aliyepotezwa na tamaa.

VITABU VYA TAREHE VINAVYOSIMULIA

Daftari la pili ni la waandishi wa Kiajemi. Wawili wanaojulikana zaidi ni Firishta, na Sikandar aliyeandika tarehe ya masultani wa Gujarat iitwayo Mirat-i-Sikandari. Wote wawili waliandika mwanzoni mwa karne ya 17, zaidi ya miaka 100 baada ya vita, nao walikuwa Waislamu walioandika kuhusu ushindi wa mtawala Mwislamu. Msomaji aliweke hilo akilini. Hata hivyo wanatupa mambo ambayo wimbo hautupi.

Kwanza, wanaonyesha kwamba ugomvi haukuanza kwa Patai. Baba yake, Gangadas, alizingirwa karibu na mwaka 1450 na Sultani Muhammad Shah wa Gujarat. Aliomba msaada kwa Sultani wa Malwa, Mahmud Khalji, na Mahmud Khalji alipokuja na jeshi lake, jeshi la Gujarat liliondoka. Ushindi huo wa Gangadas ulitungiwa tamthilia kwa Kisanskriti. Kwa hiyo Patai alikua akijua kwamba ngome yake imewahi kuokolewa, tena imeokolewa na jirani Mwislamu dhidi ya Mwislamu mwenzake. Wafalme wa zama zile walipanga urafiki na uadui kwa hesabu ya mipaka yao.

Pili, wanatuonyesha adui aliyekuwa mbele yake. Sultani Mahmud Shah alitawazwa mwaka 1458 akiwa kijana wa miaka 13 hivi, akatawala hadi mwaka 1511. Watu wa Gujarat walimwita Begada, na maelezo yanayopendwa zaidi ya jina hilo ni kwamba aliziteka ngome mbili zilizodhaniwa haziwezi kutekwa. Ya kwanza ilikuwa Junagadh, aliyoichukua kwa mfalme Ra Mandalik mwanzoni mwa miaka ya 1470. Ya pili ilikuwa Pavagadh.

Tatu, wanataja chanzo. Mwaka 1482 afisa wa Sultani aliyeitwa Malik Sudha, msimamizi wa Rasulabad, aliingia katika nchi ya Champaner na kuteka nyara. Patai alimfuatia, akapigana naye, akamuua. Hicho ndicho kisingizio, au ndiyo sababu, iliyomfanya Mahmud akusanye jeshi. Patai aliomba amani na Sultani akakataa.

MIEZI ISHIRINI

Jeshi la Sultani lilifika chini ya mlima mwanzoni mwa mwaka 1483, na ngome haikuanguka hadi Novemba 1484. Hebu tuutafakari muda huo. Ni takriban miezi ishirini. Misimu miwili ya mvua ilipita. Watu waliokuwa juu walikula walichohifadhi na kunywa maji ya matangi yaliyochimbwa mlimani. Walishuka mara kwa mara kuishambulia kambi na misafara ya chakula ya adui, nao hawakushindwa kila mara.

Katika dhiki hiyo Patai alifanya kama baba yake alivyofanya. Alituma wajumbe kwa Ghiyath Shah, Sultani wa Malwa, mwana wa yule Mahmud Khalji. Ghiyath Shah alitoka na jeshi lake, na Mahmud Begada akaacha sehemu ya jeshi mlimani, akaenda hadi Dahod kumkabili. Lakini vita havikutokea. Waandishi wanasema Ghiyath Shah aliwauliza wanavyuoni wake kama ni halali kumsaidia mfalme asiye Mwislamu dhidi ya Mwislamu, wakamjibu si halali, akarudi zake Mandu. Yamkini aliona pia kwamba Begada ni mzito kuliko sultani aliyefukuzwa na baba yake. Vyovyote iwavyo, msaada haukuja, na Patai alibaki peke yake.

Mahmud aliporudi aliweka msingi wa msikiti palepale chini ya mlima, wakati ngome ingali mikononi mwa wenyewe. Alitaka askari wake na maadui zake wote wajue kwamba hana nia ya kuondoka. Kisha akaagiza zijengwe njia zilizofunikwa kwa mbao na ngozi, zipande mlimani hatua kwa hatua hadi karibu na kuta, ili watu wake wasiuawe kwa mawe na mishale kutoka juu.

SIKU YA MWISHO

Vitabu vinasema maafisa wa Sultani waligundua kwamba kila asubuhi walinzi wa ngome walikwenda kuoga na kufanya ibada zao, na katika saa hiyo ukutani walibaki wachache. Tarehe 21 Novemba 1484 walishambulia katika saa hiyo hiyo. Kundi moja likaingia kwa ghafla hadi langoni. Upande wa magharibi ukuta ulikuwa umebomolewa kwa mizinga, na Malik Ayaz, ambaye baadaye alikuwa gavana mashuhuri wa Diu, akapanda hapo na watu wake.

Warajput walipoona lango limepotea, walifanya kama desturi yao ilivyowaamuru. Moto uliwashwa, na wanawake wakaingia motoni pamoja na watoto. Hatutalipamba jambo hilo kwa maneno. Wanaume walioga, wakavaa nguo zao za mwisho, wakashuka kupigana hadi kufa. Wengi wao walikufa siku ile.

Patai hakupata kifo cha vitani. Alianguka akiwa na majeraha, yeye na waziri wake Dungarshi, na wote wawili wakachukuliwa wakiwa hai mbele ya Sultani.

Hapa Firishta anaeleza jambo ambalo lilitushangaza tulipolisikia mara ya kwanza. Sultani alimwuliza mateka wake ni kwa nini aliendelea kupigana na jeshi kubwa kiasi hicho hali akijua hawezi kushinda. Patai akamjibu kwamba nchi ile ni urithi wake, kwamba amezaliwa katika ukoo wenye heshima, na hakuwa tayari kuwa yeye wa kuliaibisha jina alilopokea kwa wazee wake. Sultani alilistahi jibu hilo, akaamuru mateka atibiwe majeraha yake.

Alitibiwa kwa miezi kadhaa. Alipopona alitakiwa asilimu. Akakataa. Waziri wake naye akakataa. Wote wawili wakauawa. Mtoto mmoja wa Patai alikabidhiwa kwa amiri wa Sultani, akalelewa katika Uislamu, na alipokuwa mtu mzima alipewa cheo katika dola ile ile iliyomwua baba yake. Jamaa wengine wa ukoo walikimbilia misituni upande wa mashariki, na nyumba za kifalme za Chhota Udepur na Devgadh Baria zilihesabu nasaba zao kutoka kwao.

KULINGANISHA MADAFTARI

Sasa tuyaweke madaftari mawili mezani. Wimbo wetu unasema Patai aliangamia kwa sababu ya tamaa yake. Tarehe inasema alizingirwa miezi ishirini, akaachwa na aliyemtegemea, akatekwa akiwa majeruhi, akakataa kuiacha dini yake ili aishi. Je, sisi tunaoimba, tumemdhulumu mtu huyu?

Tumeliuliza swali hili miongoni mwetu, katika baraza za jioni baada ya aarti, na majibu hayakuwa mamoja. Wako waliosema wimbo uachwe, kwa kuwa unamvunjia heshima mtu aliyekufa kwa ajili ya dini. Wako waliosema waandishi wa Kiajemi wasiaminiwe kwa lolote. Sisi tulioandika makala haya twaona kwamba wote wawili wameliacha jambo kubwa lililomo katika kisa hiki.

Tazama kila daftari limeandikwa na nani. Watu wa mlimani, walioshindwa na kupoteza kila kitu, walitunga wimbo, na katika wimbo huo hawakumlaumu Sultani. Sultani ndani yake ni kama mafuriko au ukame: huja pale laana inapotimia. Lawama yote waliiweka juu ya mfalme wao wenyewe. Walisema Mataji hakushindwa na mtu yeyote. Ila aliyekabidhiwa kumlinda alinyoosha mkono akashika ambacho si chake. Hatujui kama Patai aliwahi kutenda kosa kama hilo. Lakini watu waliobaki walihitaji kueleza jinsi mlima wa Mataji ulivyoweza kuanguka bila imani yao kuanguka nao, na walichagua kujihesabu wao wenyewe kabla ya kumhesabu jirani.

Na waandishi wa upande ulioshinda walifanya nini? Walikuwa na kila sababu ya kumfanya Patai mwoga au mjinga. Badala yake wao ndio waliotuhifadhia jibu lake. Kama si wao, tusingejua kwamba alisimama na majeraha yake mbele ya Sultani akasema maneno ya kiungwana. Walioshindwa walisema ukweli mchungu juu ya mkubwa wao, na walioshinda wakasema wema juu ya adui yao.

Twasema haya kwa sababu siku hizi habari za vita vya kale hutufikia kwa simu, zimekatwa vipande, na kipande kinachofika aghalabu ni kile kinachochoma. Kijana huletewa habari ya kifo cha Patai peke yake, bila wimbo wa mabibi zake wala habari za Gangadas, kisha huambiwa: hawa ndio jirani zako. Ilhali jirani zetu hapa tunawajua. Kwa miaka mingi mlinzi wa lango la hekalu letu alikuwa mzee Mwislamu wa mji huu. Usiku wa Navratri yeye ndiye aliyeshika ufunguo, na wake zetu na binti zetu walirudi nyumbani saa nane za usiku bila hofu. Alikabidhiwa, akalinda, wala mkono wake haukugusa kisicho chake.

Tena tusisahau sisi tumetoka wapi. Katika enzi ile ile ya Mahmud Begada, nguo za Khambhat zilikuwa zikivuka bahari hadi pwani hii, na Wareno walipofika walizikuta Malindi, Mombasa na Kilwa. Wafanyabiashara wa Gujarat, Wahindu, Wajaini na Waislamu, walisafirisha mali katika bandari za sultani huyo huyo. Historia ya wazee wetu ina ngome iliyoanguka, na ina jahazi lililobeba marobota ya Mhindu na ya Mwislamu kwa upepo mmoja. Anayetaka kuirithi airithi yote.

PAVAGADH LEO

Mahmud aliupa mji jina la Muhammadabad, akaufanya makao yake, akajenga misikiti na majumba ambayo mafundi wake waliyachonga kwa mikono iliyozoea kuchonga mahekalu. Lakini mji haukudumu. Mwaka 1535 mfalme Humayun wa Mughal aliiteka ngome, na baadaye makao ya dola yakarudi Ahmedabad. Msitu ukaumeza mji. Aliyeshinda naye hakukaa: ufahari wake katika Champaner haukufikisha hata miaka sitini. Mwaka 2004 shirika la UNESCO liliingiza Champaner na Pavagadh katika orodha ya Urithi wa Dunia, mahekalu na misikiti kwa pamoja.

Kileleni, hekalu la Kalika Mata lilikaa kwa karne nyingi bila mnara wake, na juu ya paa palikuwa na kaburi la heshima la Sadanshah Pir. Katika miaka hii yetu wasimamizi wa pande mbili waliafikiana, kaburi likahamishiwa pembeni, mnara ukajengwa, na mnamo Juni 2022 bendera ikapandishwa tena. Jambo lililoanzishwa kwa mizinga lilimalizwa kwa kikao.

Nasi katika kuadhimisha jubilei ya hekalu hili, lililojengwa kwa senti za wenye maduka madogo na kwa jasho la mafundi wa hapa, tuna mawili ya kuwaomba wasomaji. La kwanza ni kwa sisi tuliokabidhiwa funguo, vitabu vya hesabu na sanduku la sadaka: wimbo wa Patai unatuhusu kuliko unavyomhusu mtu mwingine yeyote. Uwe kweli juu yake au usiwe, unasema hatari ya hekalu huanzia kwenye mkono wa mlinzi wake. Tuusikilize tukijua unaimbwa mbele yetu.

La pili ni kwa mama na bibi. Navratri ijayo uimbeni wimbo kama mlivyopokea, msipunguze neno. Kisha watoto wakikaa kula prasadi, waambieni na lile lililobaki: kwamba mfalme huyo alikuwa mtu kweli, jina lake Jaysinh, kwamba alilinda mlima wake miezi ishirini, na alipoulizwa akiwa na majeraha kwa nini hakusalimu amri, alijibu kiungwana, na aliyeandika jibu hilo alikuwa wa upande wa adui yake.

Mataji wa Pavagadh awalinde wasomaji wetu wote, majirani zetu wote, na nchi hii iliyotupokea.